Mama ya Dhahabu

Tarehe 2, mwezi wa tisa, 2025

Mvua imefika Bunia, na daktari amenifunga mu nyumba. "Muzee Josaphat, mguu ya kuume imechoka kukubeba," njo maneno yake, kiisha akacheka mwenyewe. Mpaka mvua iishe nisipande Marabo kuangalia ng'ombe zangu. Nikae hapa Rwambuzi, mguu juu ya kiti. Mutu mwenye alikomaa nyuma ya ng'ombe, leo akae fasi moja kama kikapu! Basi nitaandika. Scholastique, bibi yangu, anasema ni vizuri, juu sasa nitagombana na karatasi, yeye apumue kidogo.

Leo kulikuwa jambo moja, lakini kubwa. Divine, binti yetu ya mwisho, mwenye anafundisha fizike mu sekondari, ameleta kijana mu saloni yangu. Jina yake Fabien. Watu wake ni wa Ariwara, lakini yeye iko Mongbwalu, mu dhahabu. Kijana murefu, na mu kucha zake kuko udongo yenye sabuni imeshindwa. Alisema anataka kumuoa Divine, ataleta dote, mahari ya ng'ombe, kamili. Nikauliza ng'ombe atanunua na nini.

"Na dhahabu, Papa. Siye wenyewe tunachimba."

Kwetu kuko sheria moja, ya baba yangu na ya baba yake. Hakuna kitu inaingia mu zizi bila watu kujua mama yake ni nani. Ng'ombe ikiletwa, tunauliza: mama yake ni nani? Alizaliwa wapi? Alikuwa mupole ao alikuwa anapiga teke ndoo? Muuzaji akikosa jibu, arudi na ng'ombe yake. Nikamuuliza Fabien: "Na dhahabu, mama yake ni nani?"

Akafikiri. Akaangalia mikono yake.

"Sijui, Papa."

Sijui! Ata hakujaribu kudanganya kidogo juu ya heshima. Nikamuambia kitu yenye haina mama haiingie kwangu, wala ng'ombe yenye ilinunuliwa nayo. Akasimama, akashukuru kwa chai, akaenda mu mvua. Divine hakulia. Aliniangalia tu namna mama yake ananiangaliaka nikisahau kufunga mulango ya kuku.

Tarehe 4

Mvua. Sombe ya muhogo yenye Scholastique alipika ilikuwa na chumvi mingi. Najua ni makusudi.

Tarehe 9

Divine amerudi toka masomo na ordinatere yake, ile kompyuta ya kukunja, akaiweka kwa magoti yangu bila kuuliza.

"Papa, unachoka kuangalia ukuta. Angalia hii."

Nikafikiri ni picha ya Fabien. Hapana. Ilikuwa giza, na mu giza taa mingi, zingine nyeupe, zingine za rangi ya chai. Anasema ni picha ya telesikopi kubwa, ile siye mu masomo tulifundishwa kuita darubini, lakini hii haiko duniani. Walirusha mu anga, inaenda mbali kupita mwezi. Na zile taa haziko nyota, kila moja ni kundi ya nyota, mingi kama majani ya malisho. Galaksi.

Niliinama karibu nayo. Kiisha nikaona moja inajikunja kama pembe za Karungi, ng'ombe ya mama yangu. Nikamuambia Divine. Tukaanza kuzipa majina ya ng'ombe. Kuko moja nyekundu ya giza, nikasema hii ni bihogo kabisa. Kuko ya mabaka. Kuko mbili zinasimama karibu sana, na ya kidogo iko kwa tumbo ya kubwa, inanyonya. Divine alicheka mpaka machozi ikatoka, na miye pia nilicheka. Kiisha akauliza ziko ngapi mu picha. Nikamukatalia. Mutu hahesabu mali ya mwingine kama mwenyewe haiko.

Scholastique alikuja kuchungulia juu ya bega yangu. Chumvi ya leo ilikuwa sawa.

Tarehe 10

Nimeomba picha zingine. Nimeomba kwa sauti ya kawaida, kama vile sina haja.

Tarehe 17

Leo nimekasirika. Divine alinionyesha telesikopi yenyewe. Iko na kioo kubwa, ya vipande vingi kama nyumba ya nyuki, na inang'aa manjano. Nikauliza ni rangi gani ile.

"Ni dhahabu, Papa."

"Dhahabu gani?"

"Dhahabu ya kweli. Wamepaka kioo na dhahabu, nyepesi sana. Mwangaza yenye imetoka mbali, ile ya joto yenye macho yetu haiwezi kuona, dhahabu inairudisha vizuri kupita vitu vingine."

Nikafunga ordinatere. Nikasema: ata kule juu! Mutu hawezi kutazama kazi ya Mungu bila Fabien kuingiza mukono? Divine akajibu polepole kwamba Fabien hakupaka kile kioo. Nikamuambia najua. Lakini hasira ilikuwa imeshafika, na hasira ikifika inataka kiti.

Tarehe 18

Nimeomba ordinatere. Amenipa. Hatukusema juu ya jana.

Tarehe 28

Siku ya Mungu. Kisha misa, Fabien amekuja kusalimia. Sikumuita, sikumufukuza. Alikaa kwa kiti ya mbao, ile yenye mguu moja ni fupi, na hakulalamika.

Divine alikuwa ananionyesha vinukta vyekundu, vidogo sana, vya mbali kabisa. Anasema telesikopi iliviona kutoka mwaka yake ya kwanza, na mpaka leo mabingwa wanabishana ni nini. Wengine wanasema hivi, wengine vile.

"Na weye unasema nini?" nikamuuliza.

"Miye nasema wenyewe wanasema hawajajua bado. Wanaandika vile, mbele ya watu wote. Halafu wanaendelea kutafuta."

Fabien akacheka kidogo. Nikamuuliza anacheka nini. Akasema: "Papa, ni kama siye. Unafuata mushipa ya dhahabu mu jiwe, siku moja inakatika. Kuko watu wanaambia wenzao najua fasi imepita, nifuate, na wanachimbisha watu bure mwezi muzima. Miye nikiwa sijui nasema sijui. Tunakaa chini, tunaangalia jiwe, tunaanza tena."

 Nilimuambia Divine amubadilishie kiti.

Tarehe 1, mwezi wa kumi

Mvua ya mawe. Mabati ilipiga kelele mpaka tukasali kwa ishara.

Tarehe 6

Naandika mingi leo, mpaka mukono inauma.

Divine aliingia na viatu vya matope, hakuvitoa, na ile haiko tabia yake. Akasema: "Papa, nimepata mama ya dhahabu."

Nikamuambia akae kwanza. Hakukaa. Akaanza kuzunguka saloni kama iko mbele ya wanafunzi. Kuko nyota kubwa, zikifa zinabaki kitu moja ngumu sana. Ukichukua kidogo yake mu kijiko cha chai, kilima moja nzima ya Ituri ikiwekwa mu mizani haifikie. Mara zingine nyota mbili za namna ile, mbili zenye zilishakufa, zinazungukana, zinakaribiana, mwisho zinagongana. Na mu ule mugongano, ndani ya sekunde moja, dhahabu inazaliwa. Mu mwaka wa elfu mbili ishirini na tatu waliona mwangaza kubwa mu anga, wakageuza ile telesikopi ya kioo ya dhahabu, ikaangalia, na ikakuta alama ya metali nzito, jamaa ya dhahabu, zenye zimetoka kuzaliwa palepale.

"Kwa hiyo dhahabu haitoke chini," nikasema.

"Inapatikana chini, Papa. Lakini inatoka juu."

 Nikafikiri juu ya ile kioo. Dhahabu imepanda kule juu kabisa, inazunguka mu baridi, inatafuta mama yake. Na imemuona! 

Kiisha ujanja yote nikaiona. Picha, majina ya ng'ombe, mwezi muzima. Nikamuambia: "Weye binti, ulinizunguka." Akasema: "Ndiyo, Papa." Bila haya! Mama yake kabisa.

Lakini miye ni mufugaji, sidanganywe na ng'ombe ya kuoshwa. Nikauliza swali ya mwisho, ile yenye wauzaji wanaogopaka: "Kwa hiyo ile nyota mbili waliona, njo mama ya dhahabu ya Fabien? Ileile?"

Akaacha kuzunguka saloni. Neno moja tu ilibaki, ndiyo, na angekuwa na bwana. Miye muzee, ningejua wapi?

"Hapana, Papa," akasema. "Ile ni mbali sana. Mwangaza yake imetembea miaka karibu miliari moja, ni kusema milioni elfu moja, na wakati ule dhahabu ya Mongbwalu ilikuwa tayari mu udongo. Na pale hawakuona dhahabu yenyewe, waliona ndugu yake, yenye inazaliwa mu nyumba moja nayo. Mama ya dhahabu yetu alikufa mbele jua yetu haijazaliwa. Hakuna mutu atamuona."

"Basi hii waliona ni nani?"

Akapangusa macho. "Labda... ni mama mudogo."

Eh! Nilicheka mpaka Scholastique akakimbia toka jikoni na mwiko, akifikiri nimeanguka. Mama mudogo! Mama hajulikane, lakini mama mudogo tunamujua, tumemuona na macho, na anafanana na marehemu. Kwetu watoto wangapi wamelelewa na mama mudogo, na nani anawaita watu bila mama?

Nikamuambia Divine: "Ambia Fabien alete watu wake. Ukweli ule ule wenye umeniambia, wauseme mbele ya jamaa. Wasipunguze, wasiongeze." Akanikumbatia na matope yake yote.

Tarehe 7

Mguu haiumi. Ao labda inauma, sikuangalia.

Tarehe 20

Baudouin amekuja toka Marabo. Ni mudogo wangu, na njo musemaji wa jamaa siku ya dote, juu ana sauti na hana aibu. Nilimueleza yote kwa masaa mingi. Nilifikiri ameelewa. Kwa chakula akainama kwa Divine:

"Mutoto, ile mashini yenu yenye inaona dhahabu. Ambia wazungu wageuze kidogo, iangalie shamba yangu. Pale karibu na muto, miye nilishasikia harufu."

"Baba mudogo, haioni dhahabu mu udongo."

"Umesema imeona mbali kule, itashindwa na Marabo?"

Divine akamueleza kwamba telesikopi imetupa mugongo. Inatupa mugongo siye na jua pamoja, siku zote, juu joto yetu isiiharibie macho. Haijaangalia dunia ata siku moja.

"Kama watoto wa siku hizi," Baudouin akasema, akachukua kipande ya samaki ya chumvi, makayabo.

Kisha chakula mama Kanyere, jirani, alipiga hodi. Mbuzi yake imepotea, na amesikia kwa Josaphat kuko kitu inaona mbali. Divine alimusaidia kutafuta na macho. Ilikuwa nyuma ya kanisa.

Tarehe 2, mwezi wa kumi na moja

Fabien amekuja tena. Nilimuonyesha ile galaksi ya pembe, nikamufundisha namna ya kuita rangi za ng'ombe. Anashika haraka. Bihogo anaisema vibaya.

Tarehe 14

Aimé, mutoto ya dada yangu mwenye anachunga, amepiga simu toka Marabo. Ng'ombe imezaa jike. Rangi anasema hajapata kuiona kwetu, nyeusi yote na vidoa vyeupe. Nimemuambia asiipe jina.

Tarehe 22

Nitajaribu kuandika kwa mupango, ata kama nyumba ingali inaimba.

Mvua ilianza kunyesha wageni wa dote wakiwa kwa mulango. Tuliwaingiza wote, watu wa Ariwara, watu wa Mongbwalu, jamaa yetu, mpaka saloni ikawa na mvuke ya nguo za maji. Kwetu siku ile watu wawili hawaongee, baba wa binti na kijana mwenye anaoa. Tunakaa kama mbao. Wasemaji njo wanaongea, na mwenye atafungua kinywa analipa faini. Nilikaa mukono yangu juu ya fimbo, Fabien mbele yangu, macho chini.

Baudouin alianza vizuri. Akauliza mama ya kila ng'ombe. Alphonse, mujomba wa Fabien, musemaji wao, akajibu moja moja: hii mama yake alikuwa wa maziwa mingi, hii mama yake alipona ugonjwa peke yake. Majibu ya mutu mwenye aliuliza kabla ya kununua. Nilifurahi ndani.

Kiisha Baudouin akapandisha sauti: "Na dhahabu yenye ilinunua hizi zote, mama yake ni nani?"

Alphonse alikuwa anangojea ile swali. Akasimama, akafungua mikono:

"Mama yake ni nyota! Nyota mbili ziligongana mbinguni, na telesikopi ya wakubwa wa dunia imemuona, mama ya dhahabu ya Fabien, uso kwa uso!"

Vigelegele! Wamama walipiga mpaka mvua haikusikika. Baudouin, mwenye nilimueleza masaa mingi, akasahau yote, akapiga mikono: "Imejulikana! Tumepokea!" Watu wakaanza kupeana mikono. Ilikuwa imekwisha.

Lakini miye nilijua. Ilikuwa uongo. Uongo ndogo, ya shangwe, yenye kila muuzaji wa ng'ombe anasemaka ili mambo iishe haraka. Siwezi kuongea, sheria ni yangu mwenyewe. Nikamuangalia Divine kwa mulango ya jikoni. Alikuwa amefunika kinywa na kitenge. Alijua, na alijua kama miye najua.

Fabien akasimama.

"Hapana," akasema.

Mujomba wake akamuvuta shati. "Kaa chini, weye! Wameshapokea!"

"Hapana, Mujomba. Wamama, wababa, munisamehe. Ile yenye ilionekana haiko mama yake. Ni mama mudogo. Mama ya dhahabu hii alikufa mbele jua haijazaliwa, na hakuna mutu anamujua. Papa aliniuliza mara ya kwanza, nikamujibu sijui. Na leo ingali ni vile. Sijui."

Mvua ikasikika tena. Alphonse akaficha uso mu mikono. Baudouin akajikwaruza kichwa, akauliza, na aliuliza vizuri, siwezi kumulaumu: "Sasa... haina mama?"

Nikasimama. Mguu, fimbo, sheria, yote nilisahau.

"Iko na mama!" nikasema. Nafikiri nilipiga kelele. "Marehemu ni mama! Na mama mudogo wake tumemuona! Weye Baudouin, tangu tuko watoto tunanunua ng'ombe. Umeshaona muuzaji mwenye bei imeshakubaliwa, kamba iko mu mukono ya mununuzi, na yeye anarudi kusema ngoja, ile jina ya mama nilikuambia haikuwa sawa? Ulishamuona wapi?"

Baudouin akafikiri kweli. "Sijamuona, Yaya, mukubwa wangu."

"Basi muangalie, iko mbele yako. Huyu mutu namupa mutoto yangu. Na ng'ombe zake ziingie mu zizi, na dhahabu yake ikae kwa amani."

Sijui nani alianza kuimba, nafikiri mama Kanyere. Divine alipita katikati ya watu wote, na ile haifanywe, akanipigia magoti, akashika mikono yangu, na tulilia wawili, wazi, mbele ya wageni. Fabien alikuwa angali amesimama kama mutu mwenye amesahau fasi kiti iko. Nikamuita: "Mutoto, kuya hapa." Nimefurahi. Ninaandika tena: nimefurahi sana.

Tarehe 23

Usingizi mpaka saa sita.

Tarehe 29

Daktari ameniruhusu. Fabien amenipeleka Marabo polepole, na niliona ndama. Kweli nyeusi yote, na vidoa vyeupe vimetawanyika kwa mugongo kama ile picha ya kwanza. Kwetu baba anarudishia binti ng'ombe moja ya kuanza nyumba. Nimewapa hii. Fabien aliniuliza mama yake ni nani, yeye mwenyewe, bila kusukumwa, na nilimuhadithia mpaka tukarudi Rwambuzi. Jina yake ni Mama Mudogo.

Tarehe 30

Jamaa imeketi juu ya faini. Watu wawili walifungua kinywa siku ya dote, na sheria haiangalie furaha. Kila mutu kuku moja. Nimelipa mbili, yangu na ya mukwe wangu.

Baudouin alizishika, akazigeuza, akazipima na mukono. Kiisha akainua uso, musemaji wa jamaa kabisa: "Na kuku hizi, mama yao ni nani?"

Nilizinunua asubuhi mu soko.

"Sijui," nikamuambia.

Akaziangalia tena, akacheka, akazipokea.